Tosheni Nzuri Huijui kwa Unene

Ingia duka lolote la spea pale Gerezani, Kariakoo, useme unataka tosheni za Isuzu D-Max. Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Za kawaida au nene?" Ukijibu "nene", biashara imekwisha. Utatoka na fito mbili nyeusi zinazong'aa, na wiki mbili baadaye utakuwa kwa fundi unalalamika kwamba gari linaruka kama mbuzi.

Tosheni baa ni springi iliyonyoka. Ni ufito mmoja wa chuma uliolala chini ya gari, kichwa kimoja kimeshikamana na mkono wa tairi, kingine kimeshikwa kwenye chesisi kupitia mkono mfupi wenye bolti ya kurekebishia. Tairi likipanda tuta, ufito unasokoteka, likishuka, unajisokotoa. Ndivyo zilivyo mbele D-Max 4x4 za kizazi cha kwanza, baadhi ya Hilux 4x4 zilizotangulia Vigo, L200 za miaka ya 1990, Nissan Hardbody, na hata Hiace zinazotubeba kila siku. Mwenye Land Cruiser 79 asome kwa kujifurahisha tu, maana mbele ya gari lake kuna koili.

Kabla ya kutoa hela, tuelewane kuhusu ile bolti. Kuikaza kunainua gari, lakini hakuongezi ugumu wa springi hata chembe. Ugumu unatokana na unene na urefu wa ufito. Bolti inabadilisha tu mahali mkono wa tairi unapokaa. Gari lililoinuliwa kwa bolti mikono yake imeshuka karibu na mwisho, kwa hiyo tairi likiingia shimoni halina pa kushukia, linagonga raba. Ule mshtuko dereva anaouita ugumu wa tosheni ni huo mgongano. Wakati huohuo sivi jointi zinazunguka kwa pembe kali, boljointi zinaanza kulia na alaimenti imeharibika. Nimeona watu wakinunua tosheni mpya ilhali dawa yao ilikuwa kuilegeza bolti mizunguko michache.

Anayezihitaji kweli ni yule aliyeongeza uzito mbele. Bampa la chuma na winchi vinaweza kufika kilo 100 au zaidi, na uzito huo unakaa pale usiku na mchana. Anayebeba magunia ya mahindi nyuma aende akatazame springi zake za majani, kwa sababu mzigo wake hauzihusu sana tosheni.

Sasa unene. Ugumu wa ufito haupandi sambamba na kipenyo, unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ufito wa milimita 24 na wa milimita 26 ukiziweka juu ya kaunta, jicho halitaona tofauti kubwa, ila wa pili ni mgumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Nenda milimita 27, umefika asilimia 60. Ndiyo maana neno "nene" halina maana dukani. Beba kalipa. Pima katikati, pima karibu na kila kichwa, kisha pima ufito wa pili vivyo hivyo. Zikitofautiana nusu milimita, gari lako litakuwa na bega moja zito kuliko jingine, na hakuna fundi wa alaimenti atakayeliponya. Kwa bampa na winchi, milimita moja au mbili juu ya saizi ya kiwandani kwa kawaida zinatosha. Zaidi ya hapo unajinunulia adhabu ya mgongo.

Wengi hupigwa kwenye chuma chenyewe, na hupigwa kwa sababu wanaamini mikono yao. Wanaunyanyua ufito, wanasema ni mzito, basi ni mzuri. Lakini nondo ya kujengea yenye saizi ileile ina uzito uleule. Tena kuna jambo linaloshangaza zaidi: ingekuwa na ugumu uleule pia, siku ya kwanza. Chuma laini na chuma cha springi hupinga kusokotwa kwa kiasi karibu sawa. Ungeifunga nondo hiyo, ungeegemea boneti, usingehisi lolote. Tofauti huja gari likitua kwa kishindo. Chuma cha springi husokotwa sana kisha kikarudi pale kilipotoka. Laini hurudi nusu, na keshoye gari limeinama. Kwa hiyo unachonunua ni kurudi, na kurudi hakuonekani kwenye kaunta.

Hapo inabidi umhoji muuzaji. Tosheni ya maana hutengenezwa kwa chuma cha aloi, kama 4340 au 51CrV4, hupashwa moto, hupozwa ghafla kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa kiasi ili kisiwe kikavu kama kioo. Ugumu wake huwa kwenye 45 hadi 50 kwa kipimo cha Rockwell C, au juu yake kidogo. Muuzaji anayejua bidhaa yake, au aliye na karatasi ya kiwanda, atakuonyesha tarakimu hizo. Anayekwambia "hiki chuma cha Kijerumani, bosi" hajakwambia kitu. Na usikubali akuthibitishie ugumu kwa kupitisha tupa juu ya ufito, kwa sababu nitakayoeleza sasa.

Chukua kipande cha chaki ya shule ukisokote kwa vidole mpaka kivunjike. Mvunjiko hautakuwa mnyoofu. Utazunguka chaki mshazari, kama ngazi ya mnara. Ufito unaosokotwa huelemewa zaidi ngozini, huku kiini chake kikiwa karibu kimepumzika. Mkwaruzo mmoja wa tupa, alama za meno ya pipe renchi au shimo dogo la kutu ni mlango wa ufa. Kila tuta linaufungua kidogo. Kwa hiyo mwenye jicho la kuchagua hutumia muda mrefu zaidi kwenye uso wa chuma kuliko popote. Pitisha ukucha polepole kutoka kichwa hadi kichwa. Fito bora hupigwa kiwandani kwa vidonge vidogo vya chuma ili kuikaza ngozi yake. Chini ya rangi nyembamba utaona vijishimo vidogo sana, vyote sawa, bila mng'ao. Rangi nene inayong'aa mimi hunitia wasiwasi. Mara nyingi kuna kitu imekuja kukifunika.

Vichwani angalia meno. Kichwa lazima kiwe kinene kuliko kiwiliwili, na pale vinapokutana pasiwe na kona kali. Unene ushuke taratibu, kama shingo ya chupa. Fungua mkono mfupi wa gari lako uende nao dukani. Uingie kwa kusukumwa na mkono, usicheze. Idadi ya meno huenda isilingane vichwa viwili, na hiyo si kasoro: Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa na meno 40 upande mmoja wa tosheni za nyuma na 44 upande wa pili, makusudi, ili fundi aweze kurekebisha kimo cha gari kidogokidogo.

Kisha tafuta herufi za kulia na kushoto, au mshale. Tosheni nzuri husokotwa kiwandani kupita kiasi kuelekea upande mmoja, ili ije ivumilie upande huo. Ukiihamisha upande wa pili, umeigeuza kazi yote hiyo kuwa dhidi yake. Muuzaji akisema "zote sawa, funga popote", mrudishie fito zake.

Za mtumba sizikatai. Ufito wa kiwandani uliotunzwa ni bora kuliko mpya wa kubahatisha. Lakini vua raba za vichwani utazame chini yake. Niliwahi kuacha kufanya hivyo. Kulikuwa na kutu ya ukubwa wa punje ya mchele, nami niliiona baada ya safari, si kabla. Tulivuka tuta moja usiku kabla ya Chalinze, tosheni ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, gari likalala bega la kushoto juu ya raba. Tulifika mjini kwa mwendo wa baiskeli. Magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, na yaliyokaa miaka mingi Tanga au Unguja, yote yachunguzwe kwa tochi.

Shokapu zako zikiwa zimechoka, usifunge tosheni ngumu bila kuzibadilisha. Chuma kitarudi kwa nguvu na hakuna wa kukizuia.

Kabla fundi hajafungua chochote, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, uandike. Pima tena zikishafungwa, na tena baada ya kilomita 1,000. Zikishuka kidogo na kwa usawa, zimetulia, bolti itamaliza. Upande mmoja ukishuka na kuendelea kushuka, usimwambie fundi akaze. Rudi dukani, risiti ikiwa bado mfukoni.