Nani Aliwaambia Waing'oe Ile Penseli?

Tangu Jumamosi nimesikia visingizio vya kila rangi. Eti mpira ulichoka. Eti meza iliyumba. Jana mmoja akaniambia, uso mkavu kabisa, kwamba feni ya ukumbini ilikuwa ikipuliza upande wa kundi la bluu. Feni! Bluu wamepoteza fainali ya manati za mezani kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ililala juu ya meza mbele ya macho ya watu wote, uzi wake umekatwa: penseli iliyokuwa kizuizi cha mkono.

Mliokuwepo mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Mitupo miwili imekwisha, bluu wako mbele, na pengo lao ni la kutosha kiasi kwamba mtupo wa tatu wa kawaida tu, hata ukipungukiwa kidogo, ungewapa kombe. Ikaja ile nafasi ya matengenezo. Mlezi wao akainuka kitini, akaenda mezani, akainama na kunong'ona. Binti aliyeshika mkasi akasita. Naomba hilo lisisahaulike: alisita. Akamtazama mlezi, akaitazama manati, akamtazama mlezi tena. Kisha akakata uzi wa kushoto, akakata wa kulia, penseli ikatoka. Mtangazaji akapaza sauti kwamba sasa mashine imefunguliwa. Ilifunguliwa kweli. Komwe waliyoirusha iligonga sakafu kabla ya mstari wa kwanza wa chaki, ikadunda, ikabingirika hadi miguuni mwa majaji, na wapo walioshangilia ule mbingiriko kana kwamba unahesabiwa. Hauhesabiwi. Kinachopimwa ni mguso wa kwanza.

Tuseme basi penseli ile ilikuwa na kazi gani, maana naona hata kwenye meza ya majaji wapo walioidhani ni pambo.

Mkono wa manati unazunguka kwenye mhimili, lakini komwe ikishaachiwa haizunguki. Inatoka kwa mwelekeo unaofanya nyuzi 90 na mkono pale pale mkono ulipopunguza mwendo. Mkono ukikwama ukiwa bado umelala nyuma, komwe inapanda wima. Ukikwama ukiwa umesimama wima, komwe inatoka imelala, sambamba na meza. Kati ya hapo na hapo ndipo fundi anapochagua, na kizuizi ndicho kalamu anayochagulia. Hesabu yake haina siri: idadi ya nyuzi zilizobaki kabla mkono haujasimama wima ndiyo idadi ya nyuzi ambazo komwe itatoka nazo kwenda juu. Ukitaka 40, uzuie mkono nyuzi 40 kabla ya wima. Mtoto wa darasa la sita anaipima kwa kipimapembe cha kwenye mkebe wake wa hesabu.

Walimu wengi huishia kusema 45 na kufunga daftari. Hiyo 45 ni ya komwe inayotua kwenye kimo kile kile ilichotokea. Sisi tunatupa kutoka mezani, tunatua sakafuni. Chukua meza ya sentimita 75 na komwe inayotoka kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, uache upinzani wa hewa kwa kuwa komwe ni ndogo na ngumu. Kwa nyuzi 45 itafika kama mita 3.16. Kwa nyuzi 38 itafika 3.21, na hapo ndipo kilele chake. Sentimita tano hizo si kitu cha kukosesha mtu usingizi. Maana yake ni kwamba karibu na kilele una nafasi ya kukosea kidogo bila adhabu. Penseli ya bluu ilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Mitupo yao miwili ya kwanza ilionyesha.

Sasa iondoe penseli. Mkono hauna pa kugonga, unaendelea kusukumwa na mpira mpaka mpira wenyewe ulegee, na kwa jinsi bluu walivyoufunga, chini mbele ya fremu, haulegei mpaka mkono umeshaipita wima. Komwe inabaki imekaa kwenye kifuniko cha soda kilicho nchani mwa mkono muda wote huo, kwa sababu hakuna kilichouambia mkono usimame. Inapoachiwa, uso wa kifuniko tayari unatazama sakafu. Komwe ile ile, kwa kasi ile ile ya mita 5, ikitoka imelala inafika mita 1.95. Ikitoka imeinama nyuzi 10 kuelekea chini, inafika mita 1.5 na kidogo. Ndicho mlichokiona.

Watetezi wa mlezi wananijibu kwamba mkono ukisafiri zaidi unapata nguvu zaidi, kwa hiyo kasi haibaki ile ile. Kweli, haibaki. Tuwape haki yao yote, tena kwa ukarimu. Nishati iliyomo kwenye mpira uliovutwa hufuata mraba wa mvuto: ukiuvuta mara mbili, umeweka nishati mara nne. Tuseme penseli ilikuwa ikiusimamisha mkono wakati mpira bado una nusu ya mvuto wake. Nusu ya mvuto ni robo tu ya nishati. Yaani robo tatu zilikuwa zimeshaingia kwenye mkono na komwe kabla ya penseli kuguswa, na mlezi alivunja mashine kwa ajili ya robo iliyobaki. Robo hiyo, ikiingia yote bila kupotea hata chembe, inaongeza kasi kwa asilimia kama 15. Mita 5 inakuwa 5.8. Tupa komwe kwa kasi hiyo ikiwa imelala, unapata mita 2.26. Tupa ikiwa imeinama nyuzi 10, unapata 1.7. Bado uko nyuma kwa karibu mita moja au zaidi ya ulichokuwa nacho mkononi. Ni timu inayoongoza kwa bao moja kumtoa golikipa ili iongeze mshambuliaji, dakika ya 88.

Na walikuwa wanaongoza! Hilo ndilo linaloniwasha. Aliye nyuma ana ruhusa ya kubahatisha; aliye mbele kazi yake ni kurudia. Kama kweli roho iliwawasha kutaka nguvu zaidi, njia zilikuwepo ambazo hazigusi pembe kabisa. Kaza mpira kidogo: mvuto ukiongezeka kwa asilimia 10, nishati inaongezeka kwa 21, na penseli inabaki mahali pake. Au kandamiza kibao cha chini ya manati kwa viganja viwili, maana nishati iliyokuwa inakirusha kibao juu kila mtupo ilikuwa ni ya komwe. Au, jambo ambalo hakuna kundi lililolifanya Jumamosi, legeza mpira kati ya mtupo na mtupo. Vipande vya tyubu ya baiskeli vikikaa vimevutwa wakati majaji wanabishana juu ya futikamba, vinalegea taratibu na nguvu yake inapungua kabla hujatupa. Nimeliandika hili kila msimu na kila msimu naona mpira umeachwa umevutwa.

Wahenga wa kazi hii wangecheka. Ammianus Marcellinus, askari wa Roma aliyeandika katika karne ya 4, anaieleza manati kubwa ya mkono mmoja ya zama zake, na hakusahau kizuizi: mbele ya mkono palifungwa mto mkubwa wa gunia uliojazwa makapi, ukalazwa juu ya lundo la majani na udongo au matofali mabichi, kwa sababu mashine ile ikiwekwa juu ya ukuta wa mawe mshindo wake unabomoa kilicho chini. Warumi walibeba gunia la makapi vitani. Sisi tumeshindwa kuvumilia penseli.

Au chukua mafundi wa Aleksandria chini ya wafalme wa ukoo wa Ptolemaio. Philo wa Byzantium anasimulia kwamba walifikia vipimo vyao kwa kujaribu, wakiongeza na kupunguza tundu la kupitishia kamba za mshipa mpaka wakapata kanuni: zidisha uzito wa jiwe, kwa mina, kwa 100, tafuta kipeuo cha tatu, ongeza sehemu moja ya kumi, na hicho ndicho kipenyo cha tundu kwa vidole. Jiwe la mina 10, karibu kilo nne na nusu, linataka tundu la vidole 11. Watu hawa walibadili kitu kimoja, wakapima, wakaandika. Hakuna aliyenong'onezwa na mtu aliyeinuka kitini.

Mfano wa kinyume upo pia, na ni wa kusikitisha zaidi kuliko wa bluu. Mwaka 1521, Wahispania wa Hernán Cortés walipoizingira Tenochtitlan na baruti ikawapungukia, alitokea askari aliyejinadi kwamba alipigana Italia na anajua kuunda manati. Wakaijenga kwenye soko la Tlatelolco. Bernal Díaz, aliyekuwemo, anasema jiwe lilipanda juu na kurudi pale pale lilipotoka. Waliachia mapema mno. Bluu wameachia kwa kuchelewa mno. Ugonjwa ni mmoja: pembe haikupewa mwenyewe, na aliyejua kusema alisikilizwa kuliko aliyejua kupima.

Wala hatuna haja ya kwenda Roma wala Meksiko. Mashabiki wa siku nyingi wanawakumbuka wale wasichana wa mwiko, waliotawala ukumbi huu huu kabla hatujaanza kugawa alama za rangi, yaani za mapambo ya mashine. Mkono wao ulikuwa mwiko wa ugali uliopunguzwa kwa kisu. Mhimili spoku ya baiskeli. Kizuizi kijiti cha mshikaki kilichovishwa kipande cha kandambili kuukuu, ili mkono usivunjike kwa kugonga, na nguzo zao zilitobolewa matundu kadhaa kila upande, kila tundu likiwa na pembe yake imeandikwa pembeni kwa kalamu. Wakitaka mbali wanahamisha kijiti tundu moja. Wakitaka karibu, moja nyingine. Mpira hawakuugusa fainali nzima. Leo tungewapa sifuri kwenye kipengele cha mvuto wa macho, kwa sababu kandambili ilikuwa na tope.

Hizo alama za rangi, kwa kuwa nimezitaja. Theluthi ya muda wa maandalizi wa makundi ya siku hizi inakwenda kwenye karatasi za kung'aa, na gundi ya moto inamwagwa kwenye kila kiungo kama uji. Gundi ya moto inalegea kiungo kikipigwa kishindo mara kwa mara, na kiungo kilicholegea kinahamisha egemeo, na egemeo likihama pembe inahama. Kamba ya katani, ikikazwa vizuri, haina taabu hiyo. Bluu walifunga kwa katani, na fremu yao ilikuwa bora kuliko zote za siku ile. Nawapa haki hiyo.

Na kundi la manjano, walioshinda? Mkono mfupi, kijiko cha mti, kizuizi hakikuguswa tangu asubuhi, mitupo mitatu yote ndani ya upana wa kigae kimoja. Kombe ni lao kwa haki.

Mtanisamehe nikisema pia kwamba majaji walikosea kutowazuia watoto wa mstari wa mbele kukaa mkabala na mdomo wa manati. Komwe ni ngumu, na jicho halina kipuri. Wakae ubavuni.

Ninalowaomba waandaaji kabla ya msimu ujao ni mambo mawili. Alama za rangi zifutwe, na mahali pake kila kundi liandike kwenye kadi, kabla ya mtupo wa kwanza, pembe ambayo kizuizi chao kinausimamisha mkono. Jaji aipime kwa kipimapembe, aitangaze, na kundi likibadili kizuizi katikati ya mashindano lilazimike kuandika kadi mpya kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Na walezi wapewe viti nyuma ya kamba, mbali na meza, wakae hapo mpaka komwe ya mwisho itue.