Rapori ya staji ku maktaba: kurasa 30, na msomaji hayuko ndani

Leo nataka tuzungumze juu ya andiko moja lenye wengi wetu tuliandika na karibu hakuna mtu aliyelisoma mpaka mwisho: rapori ya staji. Nachagua ile ya wanafunzi wa sayansi ya maktaba wenye wanafanya staji ku maktaba ya chuo kikuu, juu njo kule kasoro inaonekana wazi.

Chukua yoyote, fungua. Mpango ni ule ule. Sura ya kwanza ni historia ya chuo. Kama ni chuo cha Leta chenye kilitoka katika UNAZA, utasoma mambo ya 1971, wakati vyuo vikuu viliunganishwa kuwa kimoja, na ya 1981, wakati vilitenganishwa tena: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Kisha organigrami, kuanzia rekta mpaka mlinzi wa mlango. Sura ya pili ni mwendo wa staji: wiki ya kwanza ku mapokezi, ya pili ku katalogi, ya tatu ku chumba cha kusomea, ya ine ku magazeti. Sura ya tatu ni magumu na mapendekezo. Magumu: umeme unakatika, kompyuta hazitoshi, vitabu vimezeeka. Mapendekezo: Leta ilete umeme, ilete kompyuta, ilete vitabu vipya. Shukrani kwa wote, pointi 16 juu ya 20, tunarudi nyumbani.

Sisemi ni uongo. Umeme unakatika kweli, na mvua za Januari tunajua zinafanya nini ku dari lenye kutoboka. Lakini rapori ya namna hiyo mtu angeweza kuiandika akiwa kwao, bila kukanyaga maktaba hata siku moja. Haisemi nani aliingia pale, aliomba nini, na kama alitoka nacho. Msomaji hayuko ndani. Na maktaba bila msomaji ni depo tu.

Kasoro ya pili: rapori inaficha kazi yenyewe. Inaandika “tulifanya klasifikasyo,” basi. Klasifikasyo gani? Darasani tulifundishwa Dewey, yenye Mmarekani Melvil Dewey alichapisha 1876, na ile ya desimali ya kimataifa, CDU, yenye Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walijenga juu ya ile ya Dewey. Tunajua kutaja majina na kukariri madaraja. Lakini ku staji, mara mingi stajiere anapewa kitabu, anaambiwa atafute kingine chenye kufanana ku rafu, anakili namba ya mgongoni, anabandika. Hiyo ni kazi ya kubandika. Kuklasifia ni kufikiri.

Mfano wa kwetu Katanga. Kimeingia kitabu juu ya ugonjwa wa mapafu wa wachimba madini. Kwa Dewey, magonjwa yako ku 616, uchimbaji madini uko ku 622. Utakiweka wapi? Ukikipeleka ku utabibu, mwanafunzi wa politekniki hatakiona. Ukikipeleka ku madini, daktari wa kesho hatakiona. Lazima ujiulize nani atakuja kukitafuta zaidi ku chuo hiki, uchague, kisha utengeneze fishi ya pili yenye itamuelekeza yule mwingine. Hapo kuko ukurasa mzima wa rapori nzuri: swali, sababu mbili, uamuzi. Ukurasa huo ungenionyesha kama mtu huyu ni mkutubi ama hapana. Rapori yenye haina hata mfano mmoja wa namna hiyo, mimi naona pointi 16 ni za wapi?

Kasoro ya tatu inatugusa sisi wote, hata wenye hawakusoma maktaba. Kila mmoja wetu, wakati wa kumaliza, aliacha nakala ya TFC ama ya memwari yake. Iko wapi sasa? Ku maktaba mingi za kwetu, memwari zinapangwa kwa mwaka na kwa jina la mwandishi. Mwanafunzi anafika, anauliza: “Mama, kuko memwari juu ya maji ya visima?” Anajibiwa: “Unajua jina la mwenye aliandika?” Hajui, na njo maana anauliza. Anarudi, anachagua mada yenye ilikwisha kufanywa mara tano, na sisi kisha tunalalamika kama vijana wanakopiana. Wakopiane na nini, wakati hawawezi hata kupata kile kilichoandikwa mbele yao? Mhindi S. R. Ranganathan, ku kanuni zake tano za maktaba za 1931, aliweka na ile ya kulinda wakati wa msomaji. Sisi wakati wa msomaji tunaupoteza ku mlango.

Sasa fanya hesabu. Stajiere mmoja anaweza kuchukua memwari, asome kichwa na muhtasari, aandike maneno matatu ya mada ku daftari: maji, visima, Lubumbashi. Tuseme dakika 20. Kwa siku ni memwari 15, masaa matano ya kazi. Kwa siku 30 za kazi ni 450. Stajiere wanne wakipokezana kwa mwaka, ni 1.800. Haiombe umeme, haiombe kungojea Leta. Kama kuko kompyuta moja yenye inatembea, programu za bure ziko: PMB, yenye ilizaliwa Ufaransa, na Koha, yenye ilizaliwa New Zealand. Kama hakuna, daftari lenye mistari mizuri linatosha kuanza. Lakini stajiere huyo huyo utamkuta na kitambaa mkononi, anapanguza vumbi. Vumbi linapanguzwa, ni kweli, lakini kesho linarudi.

Kuko mtu ataniambia: “Mkubwa, unamuonea mtoto. Nani anamupa pointi? Si shefu wa pale pale maktaba? Akiandika ukweli, atapata ngapi?” Hoja hiyo naikubali, tena njo mzizi wa shida. Mwenye anaelezwa ku rapori njo mwenye kushika kalamu nyekundu. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika shukrani kurasa mbili na magumu yenye hayamchomi mtu: umeme, Leta, bajeti. Dawa si kumuomba mtoto awe shujaa. Maktaba imupe pointi za mwenendo: alifika saa, aliheshimu watu, alitunza vitabu. Rapori yenyewe isahihishwe na departema. Tena hesabu haitukane mtu. “Kwa wiki mbili waliingia watu kadhaa, wengi waliomba silabusi zenye maktaba haina”: hapo hakuna shefu wa kukasirika, na departema inajifunza kitu.

Ajabu ni kwamba vitu hivyo wanafunzi wanaviona. Usisome rapori, soma karne ya staji, kale kadaftari ka kila siku. Mule utakuta nani alikuja na alitaka nini, kitabu gani kiliombwa mara tatu bila kupatikana, mlango ulifunguliwa saa ngapi kweli. Maandiko ya haraka, Kifaransa kimevunjika kidogo, lakini maktaba iko mule, inapumua. Kisha inakuja saa ya kuandika kwa usafi, na yote inafutwa juu ya organigrami.

Kwa hiyo, kwa wale kati yetu wenye wamekuwa asistanti na wanaongoza staji: historia ya chuo, nusu ukurasa inatosha. Ombeni hesabu ya wasomaji, mifano mitatu ya vitabu vigumu kuklasifia, na kazi moja yenye itabaki ku maktaba kisha stajiere kuondoka. Na nakala moja ya rapori ibaki kule kule, ku rafu, ili stajiere wa mwaka kesho aanzie ku memwari ya 451, asirudie ku ya kwanza.