Kitabu Remote ni kizuri, lakini nani analipa mega?

Mmoja wetu alisifu sana kitabu Remote, akasema kila patroni wa Lubumbashi anapaswa kukisoma. Mimi nilikuwa nacho kwenye telefone tangu siku mingi, nikakirudilia. Natoa maoni yangu, na sitakuwa mpole sana, juu hii mambo ya kufanya kazi kwa mbali njo maisha yangu ya kila siku.

Kitabu kilitoka 2013. Waandishi wake, Jason Fried na David Heinemeier Hansson, walikuwa na kampuni ya programu kule Chicago, na huyu wa pili alianza kufanya kazi na mwenzake akiwa bado Denmark. Kwa hiyo hawasimulii mambo ya kusikia. Wanasema biro ni pahali pa kukatiza watu kazi, na kwamba mtu mwenye akili hapatikani paka katika mji wa makao makuu. Sehemu moja nzima inajibu visingizio vya mapatroni, kimoja kwa kimoja. Hiyo ningependa waisome kweli.

Mimi niko katika ajensi ya forodha. Biro kubwa iko Kinshasa, sisi tuko hapa Lubumbashi, na malori yanangoja Kasumbalesa. Hakuna mtu atakayeniambia kwamba vyombo hivi havina faida. Zamani karatasi za mzigo zilifika pamoja na shofere, na kosa lilionekana wakati lori liko tayari kwenye mstari. Sasa deklarante anapata fakture lori likiwa bado Zambia. Akiona uzito hauendi sawa na karatasi nyingine, anauliza, wanarekebisha, lori linafika na karatasi safi. Siku moja ya lori kusimama ni makuta, kila mtu wa kazi yetu anajua. Faida inatokea pale njo, kosa likionekana mapema. Haitokei juu shefu ameonekana kwenye kioo akiwa amevaa kravati.

Lakini sikilizeni na hii. Shefu wetu wa Kinshasa alikubali bei mpya ya mteja mmoja kwa vokali, usiku, katikati ya vokali zingine za grupu. Siku tano zikapita, mteja akakataa fakture, tukaanza kutafuta. Umeshajaribu kutafuta neno moja ndani ya vokali 40? Tulikaa asubuhi nzima, watu watatu, kila mmoja na telefone kwenye sikio kama wagonjwa wa meno. Hatukuipata, na shefu mwenyewe alikuwa amebadilisha telefone. Aliyelipa ni dada wa kontabilite: walimkata mshahara, wakasema aliandika bei kwa kichwa chake. Hapa kitabu kina haki kabisa. Waandishi wanataka kazi na maamuzi viwekwe pahali ambapo kila mtu wa kampuni anaweza kuviona bila kuuliza mtu. WhatsApp ni nzuri kwa kuita mtu. Kwa kuweka maamuzi ni gunia lililotoboka. Jedwali moja la pamoja, hata lile la bure, lingemwokoa yule dada.

Sasa lawama yangu. Kitabu kinachukua umeme na intaneti sawa vile hewa: viko tu. Sisi tunajua delestaji, na tunakumbuka kwamba kisha uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa katika nchi karibu siku 20. Kwetu kufanya kazi nyumbani kuna bei, na bei hiyo ina mwenye kuilipa.

Linganisha na jaribio la Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake, lililochapishwa 2015. Walilifanya katika Ctrip, kampuni ya safari ya Shanghai, na watu wa kupokea simu. Karibu 500 walijitolea, lakini 249 tu njo walitimiza masharti. Moja ya masharti ilikuwa mtu awe na intaneti nzuri nyumbani, lingine awe na chumba cha kujitenga. Wangapi kati yetu wangebaki? Kwa miezi 9 kazi ilipanda 13%. Katika hizo, 9 zilitoka kwa muda, yaani mapumziko machache na siku chache za ugonjwa. Zilizobaki zilitoka kwa simu nyingi zaidi kila dakika, juu nyumbani kulikuwa kimya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile faida ni saa za mfanyakazi. Programu peke yake haikuzaa kitu. Na mwishoni, walipoachiwa kuchagua, zaidi ya nusu ya watu wa jaribio walibadilisha pahali pa kazi, na faida ikakaribia kuwa mara mbili, ikafika 22%. Patroni anayefunga biro bila kuuliza watu anatupa hiyo nusu ya pili.

Kwetu walirudisha vyumba viwili kwa mwenye nyumba. Pesa hiyo inaonekana kwenye hesabu ya kampuni. Mega zangu hazionekani popote, wala mafuta ya jenereta ya jirani ninayechangia. Halafu kuna saa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na mkutano wao wa saa kumi ya jioni unaanza kwetu saa kumi na moja, wakati mtoto wangu anarudi. Fried na Hansson wanaonya kwamba hatari ya kazi ya mbali ni mtu kufanya kazi kupita kiasi kuliko kukwepa kazi. Haki yao. Ila wanamwonya msimamizi kama rafiki, na mimi ningetaka iandikwe kwenye mkataba.

Nimemwandikia shefu mambo matatu: bei ziandikwe kwenye jedwali, mega zilipwe kila mwezi, na yule dada arudishiwe kile kilichokatwa. Amejibu kwa vokali ya dakika saba. Nitaisikiliza nikinunua mega.