Mafunzo ya mfumo mpya yapangwe kwa kalenda ya bajeti

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 makarani wa sensa walianza kugonga malango ya Kitengela wakiwa na tableti mikononi. Hii ilikuwa sensa ya kwanza ya Kenya kufanywa bila madodoso ya karatasi. Matokeo yake yanajulikana: mji uliokuwa na watu 58,167 mwaka 2009 sasa ulikuwa na 154,436, na kaunti nzima ya Kajiado ilitoka 687,312 hadi 1,117,840. Takwimu hizo zimejadiliwa sana na wanaopanga barabara, maji na shule. Kilichojadiliwa kidogo ni jinsi zilivyopatikana. Makarani walikuwa zaidi ya 130,000 kote nchini, wengi wakiwa vijana wa ajira ya muda, na programu waliyoitumia hawakuwa wameiona miezi miwili kabla ya usiku ule.

Swali la walivyofunzwa linahusu kila kaunti inayotaka wafanyakazi wake wahamie kwenye mfumo wa kusimamia miradi, kama e-CIMES, uliobuniwa ili kaunti zifuatilie utekelezaji wa mipango yao ya miaka mitano ya maendeleo. Linamhusu pia mkandarasi wa Kitengela aliyechoka kuendesha ujenzi kwa daftari na WhatsApp. Kwa kawaida ununuzi wa mfumo hujadiliwa miezi na miezi, halafu mafunzo hupangwa wiki ya mwisho: hoteli Naivasha, siku tatu, posho, picha ya pamoja.

Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, halikwenda hivyo. Lilifanya sensa ya majaribio Agosti 2018, mwaka mzima kabla ya sensa yenyewe, na jaribio la namna hiyo hupima maswali, programu na pia mafunzo. Kisha mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa wakufunzi wakuu hadi kwa karani wa mtaani. Njia hii ina kasoro isiyokwepeka, kwani kila ngazi hupoteza kitu cha ile iliyo juu yake. Ila sensa iliipunguzia makali kwa kugawa kazi. Karani alifundishwa kuhoji, kujaza, kuhifadhi na kutuma. Msimamizi wake alifundishwa kukagua. Tableti ikikwama, walikuwepo wasimamizi wa teknolojia waliofunzwa kwa ajili hiyo, nao walikuwa uwanjani, si Nairobi.

Tena programu yenyewe ilibeba sehemu ya mafunzo. Programu za aina hii huruka maswali yasiyomhusu anayehojiwa na hukataa majibu yanayogongana. Kosa linalozuiwa na mashine halihitaji saa nzima ya mkufunzi. Na zaidi ya yote, mafunzo ya makarani yalifanyika Agosti hiyohiyo. Mtu alitoka darasani akaingia kazini kabla hajasahau.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, tazama IFMIS, mfumo wa usimamizi wa fedha za umma. Ulianza kutumiwa serikalini mwaka 2003, na kaunti zilipozaliwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikatakiwa kuingia humo karibu mara moja, huku zikiwa bado zinatafuta hata ofisi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ile ya mwanzo zinarudia malalamiko yaleyale: mtandao dhaifu na maafisa wasioumudu mfumo. Mwaka 2015 sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ikaleta habari za nywila za IFMIS za maafisa zilizodaiwa kutumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Siamini kwamba mafunzo pekee yangezuia wizi. Lakini ofisi ambamo kugawana nywila ni jambo la kawaida, kwa sababu ni mmoja tu anayeujua mfumo, humrahisishia mwizi kazi.

Hapa ndipo sensa inapoacha kutufaa moja kwa moja. Karani alimaliza kazi yake peke yake pale mlangoni, lakini mradi wa kaunti hupita mikono mingi. Chukua darasa la chekechea linalojengwa Mashuuru, kaunti ndogo ya Kajiado. Mhandisi hupima kazi na kutoa cheti, afisa wa ununuzi huangalia mkataba, mhasibu huandaa malipo, afisa wa ufuatiliaji huandika asilimia ya kazi iliyokamilika, na msimamizi wa wadi ndiye anayeulizwa na wananchi kwa nini paa halijaezekwa. Mafunzo yetu mengi huwatenga watu hawa kwa vyeo: wahandisi Jumatatu, wahasibu Jumanne. Kila mmoja huujua ukurasa wake, na hakuna anayejua ni nani anamsubiri.

Kwa hiyo darasa la mafunzo lifuate mradi, si cheo. Waketi pamoja watu wa kaunti ndogo moja, kila kundi na miradi yake mitatu ya kweli yenye majina ya kweli, mmojawapo uwe umekwama. Wausukume mradi ndani ya mfumo kuanzia mkataba hadi malipo. Utakwama mahali, na pale utakapokwama ndipo penye somo la siku hiyo. Miradi ya mfano inayokuja na programu haifai kabisa. Hakuna mtu wa Loitokitok, kaunti ndogo nyingine ya Kajiado, atakayegombana na mwenzake juu ya daraja la kubuni, na bila ugomvi huo huwezi kujua nani hasa ana mamlaka ya kuandika kwamba kazi imekamilika.

Tarehe nazo zinapangwa na sheria kabla ya mkufunzi kufungua kalenda yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai mpango wa maendeleo wa mwaka uwe katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha 28 Februari, na makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Anayeitisha mafunzo Juni atapata viti vitupu, maana kila mhasibu anakimbiza malipo. Nafasi nzuri ni katikati ya Septemba. Mpango wa mwaka umeshawasilishwa, miradi mingi mipya haijaanza, na robo ya kwanza inaisha tarehe 30. Wakitoka darasani wiki hiyo, kazi yao ya kwanza ni ripoti ya robo ambayo wangeiandika hata hivyo, tena ikiwa na mambo machache ya kujaza.

Kuhusu mahali, wengi watachagua Kitengela: hoteli zipo, barabara ya Namanga ipo, mtandao haukatiki. Siku ya kwanza ifanyike huko, sina neno. Lakini Kajiado ina takriban kilomita za mraba 21,900, na mtandao wa hoteli hudanganya. Anayetoka makao makuu kwenda Loitokitok mara nyingi hupitia Emali, nje ya kaunti kabisa. Huyo wa Loitokitok afunzwe siku ya pili katika ofisi yake, kwa kompyuta yake na mtandao wake ulivyo. Ikiwa mfumo hauwezi kuhifadhi taarifa bila mtandao na kuzituma baadaye, ni heri hilo lijulikane siku hiyo. Na kila kaunti ndogo ibaki na mtu mmoja wa kuulizwa, aliyetengewa muda na nauli kwenye bajeti, kwa kuwa maafisa huhamishwa na wanaochukua nafasi zao hawakuhudhuria chochote.

Orodha ya mahudhurio haitakuambia kama mafunzo yameshika. Katikati ya Oktoba fungua kumbukumbu za mfumo uone nani aliingiza nini, lini. Ukikuta taarifa zote za Mashuuru zimeingizwa jioni moja kwa akaunti moja ya makao makuu, jua wahandisi bado wanatuma picha kwa WhatsApp na kuna mtu ofisini anayewaandikia. Waite tena, pamoja na huyo anayewaandikia, kabla robo ya pili haijafungwa 31 Desemba.