Mkono wa Mpigaji na Mkono wa Mtambo: Uhakiki wa Ubanaji wa Sauti katika Gitaa la Besi na Gitaa la Umeme

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ubanaji wa sauti unavyoathiri gitaa la besi na gitaa la umeme katika muziki uliorekodiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba ubanaji si usafishaji wa sauti usioegemea upande wowote, bali ni tendo la kifasiri linalobadili mwanzo wa noti, udumu wake na uhusiano wake na noti inayofuata. Kwa kuwa mambo hayo matatu ndiyo wahakiki huyatumia kumpima mpiga gitaa, uhakiki usiouzingatia mtambo huweza kumsifu au kumlaumu mpigaji kwa jambo ambalo hakulitenda. Hoja inajengwa kwa kuchunguza mitambo miwili ya Marekani ya miaka ya 1960 na rekodi mbili za Uingereza, ya mwaka 1966 na ya mwaka 1979. Mwishoni inaangaliwa maana ya hoja hiyo kwa watafiti wa muziki wa dansi wa Tanzania.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa upigaji wa gitaa una msamiati wake uliozoeleka. Mpigaji mmoja husifiwa kwa mkono mwepesi, mwingine kwa noti zinazolia kwa muda mrefu, na wa tatu kwa besi iliyotulia. Sifa hizi zote huelekezwa kwa mtu. Hata hivyo, baina ya kidole kilichogusa uzi na sikio la mhakiki aliye mbele ya spika mna msururu wa vifaa, na kimoja kati ya hivyo, yaani kompresa, kimebuniwa mahususi ili kubadili wepesi, udumu na utulivu wa sauti.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha maana tatu za neno ubanaji. Kuna ubanaji wa faili, ambao hupunguza ukubwa wa data ili rekodi isafirishwe kwa urahisi. Huo haumo katika mjadala huu. Kuna ubanaji wa wimbo mzima, unaofanywa katika hatua ya mwisho ya utayarishaji. Huo ndio uliozua malalamiko ya mashabiki dhidi ya albamu ya Death Magnetic ya Metallica mwaka 2008. Kuna pia ubanaji wa ala mojamoja, unaofanywa wakati wa kurekodi au kuchanganya sauti. Makala haya yanahusu aina hii ya tatu. Wahakiki wengi huhamishia lawama za aina ya pili kwa aina ya tatu, ilhali athari zake ni tofauti.

2.0 Utendaji wa kompresa

Kompresa ni kidhibiti cha ukubwa wa sauti kinachojiendesha. Mhandisi huweka kizingiti; sauti iliyo chini ya kizingiti hupita kama ilivyo, na ile inayokivuka hupunguzwa kwa uwiano maalumu. Tuchukulie kizingiti cha desibeli -20 na uwiano wa 4 kwa 1. Noti yenye desibeli -8 imekivuka kizingiti kwa desibeli 12. Mtambo utaruhusu robo tu ya ziada hiyo, yaani desibeli 3, na noti itatoka ikiwa na desibeli -17. Noti dhaifu ya desibeli -20 haitaguswa. Tofauti ya desibeli 12 baina ya noti mbili imekuwa desibeli 3. Baadaye mhandisi hupandisha sauti yote kwa desibeli 9 ili kufidia kilichopotea, na hapo noti dhaifu, mkwaruzo wa vidole na uvumi wa umeme hupanda pamoja.

Maelezo haya ndiyo yanayofundishwa kwa kawaida, na ndiyo chanzo cha dhana kwamba kompresa husawazisha noti. Dhana hiyo ina upungufu mkubwa kwa sababu inapuuza wakati. Kompresa haibani papo hapo, wala haiachii papo hapo. Ina muda wa kuanza kubana na muda wa kuachia, na katika nyakati hizo mbili ndimo muziki unamobadilika.

Muda wa kuanza kubana ukiwa mrefu, mshindo wa kwanza wa noti hupita kabla mtambo haujaamka, kisha mwili wa noti hushushwa. Msikilizaji husikia kidole kikali zaidi kuliko kilivyokuwa. Muda huo ukiwa mfupi, mshindo hukatwa na noti huonekana kuchipuka bila kuguswa. Uzi ni uleule na kidole ni kilekile, lakini rekodi zitakuwa na wapigaji wawili wenye tabia mbili.

Muda wa kuachia una athari ya ndani zaidi. Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500 na nusu pigo milisekunde 250. Mtambo ukiachia ndani ya milisekunde 100, kila noti hukutana na kompresa iliyokwisha kupumzika, na noti husawazishwa kweli. Mtambo ukichukua sekunde nzima kuachia, noti ya pili, ya tatu na ya nne hukuta bado umeshikilia kwa sababu ya noti ya kwanza. Zote hushushwa kwa kiasi kinachokaribiana, na tofauti zilizopo baina yake hubaki karibu kama zilivyopigwa. Aidha, noti mbili zilizopigwa kwa nguvu sawa baada ya kimya zinaweza kutoka zikiwa na mkazo tofauti: ya kwanza ilipita na mshindo wake, ya pili ikakuta mlango umeshafungwa nusu. Mkazo huo ataunukuu mhakiki kama uamuzi wa mpigaji.

3.0 Mitambo miwili, fasiri mbili

Kompresa ya Teletronix LA-2A, iliyobuniwa na Jim Lawrence, na ile ya 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam, zote ni za miaka ya 1960 na zote zimetumika sana kwa besi na gitaa. LA-2A hutumia vali pamoja na kipande kinachotoa mwanga kulingana na ukubwa wa sauti. Seli inayohisi mwanga ndiyo huamua kiasi cha kubana. Mwanga na seli havina haraka. Mtambo huanza kubana baada ya takribani milisekunde 10, huachia nusu ya kwanza ndani ya takribani milisekunde 60, na nusu iliyobaki huweza kuchukua sekunde kadhaa. Mhandisi hapewi kitufe cha kubadili nyakati hizo.

1176 hutumia transista na imejengwa kwa kasi. Muda wake wa kuanza kubana ni kati ya mikrosekunde 20 na 800, na wa kuachia ni kati ya milisekunde 50 na 1100. Kwa hiyo hata ikiwekwa polepole kabisa, huanza kubana kabla ya milisekunde moja kwisha.

Tofauti hizi zina uzito wa pekee katika besi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa mtetemo wa takribani hezi 41. Yaani wimbi moja huchukua takribani milisekunde 24. Mtambo unaoanza kubana chini ya milisekunde moja na kuachia ndani ya milisekunde 50 hauisubiri noti: huanza kufuata umbo la wimbi lenyewe, na hivyo huongeza mkwaruzo ambao haukuwamo katika uzi. Mkwaruzo huo si lazima uwe kasoro. Huipa besi sauti za juu zinazosikika katika spika ndogo isiyoweza kutoa hezi 41. Lakini ni jambo lililoongezwa. LA-2A kwa upande wake huacha mshindo wa kidole upite na kuukumbatia mwili wa noti taratibu. Anayechagua mtambo anachagua pia aina ya mpigaji atakayesikika.

4.0 Besi: rekodi ya mwaka 1966

Wimbo wa "Paperback Writer" wa The Beatles, uliorekodiwa Aprili 1966 katika studio za EMI, Abbey Road, London, hutajwa mara kwa mara kama hatua muhimu katika historia ya besi. Maelezo yanayopendwa ni kwamba Paul McCartney aliacha gitaa lake la Höfner na kushika Rickenbacker, na ujasiri wake wa kimelodia ukajitokeza. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi.

Mhandisi wa kipindi hicho alikuwa Geoff Emerick, kijana wa miaka 20. Studio ilitumia spika kubwa kama maikrofoni ili kunasa besi. Kompresa za Altec, zilizofanyiwa marekebisho na wahandisi wa EMI na kupewa jina RS124, zilikuwa chombo cha kawaida cha besi katika studio hiyo. Wakati wa kukata sahani, kifaa kipya cha kudhibiti mishindo kilitumika ili sindano isiruke kwa nguvu ya besi. Hofu ya sindano kuruka ndiyo iliyokuwa imewafanya wahandisi wa Uingereza kuipunguza besi kwa miaka mingi.

Hapa ubanaji haukuwa pambo la baadaye, bali sharti la kusikika. Besi yenye noti zinazopanda na kushuka kwa nguvu zisizolingana isingeweza kuwekwa juu kiasi hicho katika sahani, kwani noti moja kubwa ingetosha kuilazimisha besi yote ishushwe. Hivyo basi, uhuru wa kimelodia tunaoumsifia McCartney ulipatikana kwa sehemu kupitia nidhamu aliyowekewa na mtambo. Uhakiki wa haki unapaswa kuutaja ushirikiano huo, bila kumpunguzia mpigaji utunzi wake na bila kumficha mhandisi.

5.0 Gitaa la umeme: pale mtambo unapofaa na pale usipofaa

Gitaa la umeme linahitaji hukumu tofauti, kwa sababu amplifaya yake mara nyingi ni kompresa tayari. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na kilele kilichokatwa ni kilele kilichobanwa. Kuongeza kompresa juu ya gitaa lenye mkwaruzo mzito hubadili kidogo sana ukubwa wa noti, lakini huinua uvumi katika kila pengo. Katika hali hiyo lawama kwamba ubanaji huua hisia zina msingi, kwani kimya baina ya noti ni sehemu ya usemi wa mpigaji, na ndicho kinachoharibiwa kwanza.

Katika gitaa safi, lisilo na mkwaruzo, mambo ni kinyume. Noti ya gitaa safi hupiga kwa nguvu na kufa haraka. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Kompresa imebuniwa kana kwamba kuupinga usemi huo, kwani huushusha mvumo wa mwanzo na kuuinua mkia. Kifaa kidogo cha MXR Dyna Comp, kilichoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1970, kiliileta kazi hiyo miguuni pa mpigaji. Kina vitufe viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha ukubwa wa sauti inayotoka na kingine cha kiasi cha kubana, na nyakati zake zimefungwa kiwandani. Hapo uamuzi ulihama kutoka kwa mhandisi kwenda kwa mpigaji, na mpigaji akaanza kubadili mkono wake kulingana na kile mtambo unachomrudishia. Anayeujua mtambo wake hugusa uzi kwa upole akijua noti itadumu.

Solo ya David Gilmour katika "Another Brick in the Wall, Part 2" ya Pink Floyd (1979) inaonyesha upande huo. Gitaa aina ya Gibson Les Paul liliingizwa moja kwa moja katika meza ya kurekodia, na baadaye sauti ikapitishwa katika amplifaya. Kinachosikika ni noti zenye usafi wa gitaa lisilo na mkwaruzo na udumu unaokaribia ule wa sauti ya mwimbaji. Noti zilizovutwa hupanda bila kufifia njiani, na mhakiki anayesema kwamba gitaa hilo linaimba anasema kweli. Lakini uwezo wa kuimba hivyo ni wa mfumo mzima: kidole kinachovuta uzi kwa usahihi, na ubanaji unaohakikisha kwamba mvuto huo haufi kabla ya kufika.

6.0 Maana yake kwa utafiti wa muziki wa dansi

Suala hili si la Detroit au London pekee. Muziki wa dansi wa Tanzania umejengwa juu ya mazungumzo ya magitaa: solo, rithimu na besi hujibizana, na uhakiki wake hutegemea sana kutofautisha uzito wa kila sauti. Mtafiti wa leo hafiki kwenye mazungumzo hayo moja kwa moja. Nakala iliyo mikononi mwake huenda ilipitia kidhibiti cha kituo cha redio, ambacho huzuia sauti isizidi kiwango cha mtambo wa kurushia matangazo. Huenda ilirekodiwa nyumbani kwa radiokaseti yenye udhibiti wa sauti unaojiendesha, yaani kompresa isiyotajwa kwa jina. Mtambo wa namna hiyo hupandisha sauti panapokuwa na utulivu na kuishusha magitaa yanapoingia kwa pamoja.

Kwa msingi huo, mtafiti anayesikiliza nakala kama hiyo ya Mbaraka Mwinshehe na kuhitimisha kwamba besi ilijificha wakati wa solo, au kwamba rithimu ilipigwa kwa nguvu moja mwanzo hadi mwisho, anaweza kuwa anahakiki radiokaseti. Ni lazima historia ya nakala itangulie hukumu ya upigaji, kama ambavyo mhakiki wa ushairi wa kale huanza kwa kulinganisha miswada.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubanaji hugusa mambo matatu ambayo ndiyo kiini cha uhakiki wa gitaa: namna noti inavyoanza, namna inavyokufa, na namna inavyohusiana na jirani yake. Yanapendekezwa maswali matatu kabla ya hukumu yoyote. Je, ukali au upole wa mwanzo wa noti hubaki uleule katika rekodi nyingine za mpigaji huyohuyo? Je, uvumi wa nyuma hupanda noti inapofifia, ishara kwamba mtambo unaachia? Je, mkazo unaodaiwa kuwa wa mpigaji hufuata mdundo, au hufuata noti kubwa iliyotangulia? Majibu hayatampokonya mpigaji sanaa yake. Yatamwezesha mhakiki kusema kwa uhakika ni sehemu gani ya sanaa hiyo ni ya kidole, na ipi ni ya mkono wa pili uliokuwa nyuma ya kioo cha studio.