Stelingi Anaposhindwa: Jinsi The Return of the King Ilivyowaliza Watazamaji

Katikati ya filamu inayosifika kwa vita vyake, mzee mmoja anakula. Denethor, msimamizi wa kiti cha ufalme wa Gondor, ameketi mezani kwenye ukumbi mkubwa wa mawe, ananyofoa kuku kwa vidole. Punde tu amemtuma mwanawe Faramir akaukomboe mji wa Osgiliath, na hakuna aliyekuwepo asiyejua kwamba kijana anakwenda kufa. Sasa mzee anataka kuimbiwa. Pippin, mtumishi wake mpya mwenye kimo cha mtoto, anajitetea kwamba nyimbo za kwao hazikutungwa kwa kumbi kubwa wala kwa nyakati mbaya. Kisha anaimba.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Faramir na wenzake wanatimua mbio uwandani, lakini kishindo cha kwato kimefifishwa mpaka karibu hakisikiki. Wimbo ndio umetanda juu ya picha. Kinachosikika waziwazi ni meno ya Denethor: mfupa unavunjika, nyanya ndogo inapasuka, maji yake mekundu yanamtiririka kidevuni. Adui wanavuta pinde, mishale inafyatuka, na kabla hatujaona nani kaanguka tumerudishwa ukumbini, kwenye uso wa Pippin unaolengwalengwa na machozi. Hakuna maiti iliyoonyeshwa wala tone la damu. Mtazamaji ameachiwa mdomo wa mzee autazame, na akili yake mwenyewe inamalizia yaliyobaki.

Tuni ya wimbo ule aliibuni Billy Boyd mwenyewe, mwigizaji wa Pippin, na maneno yakachukuliwa kutoka kwa Tolkien, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hii. Kwa hiyo sauti ile haina ulaini wa studio. Ni sauti ya mtu anayeimba akiwa na hofu.

Mbinu ya tukio hilo ndiyo inayoendesha filamu nzima. Mwongozaji Peter Jackson, pamoja na Fran Walsh na Philippa Boyens walioandika naye muswada, walikuwa na kila nyenzo ya kelele ambayo Hollywood ingeweza kuilipia. Lakini kila walipotaka kumliza mtu, walipunguza. Walimnyima mtazamaji kile hasa alichokuwa akikingoja.

Filamu ilitoka Desemba 2003, ikiwa na urefu wa saa 3 na dakika 21. Februari 29, 2004 ilinyakua Oscar 11 kati ya 11 ilizopendekezwa, ikalingana na Ben-Hur na Titanic. Katika orodha hiyo hapakuwa na hata pendekezo moja la uigizaji. Ni kichekesho, kwa sababu ukiondoa nyuso za waigizaji kwenye saa ya mwisho, kinachobaki ni majengo yanayoporomoka.

Nyuso hizo zilikuwa na historia. Filamu hii ni sehemu ya mwisho ya hadithi yenye sehemu tatu, na zote tatu zilipigwa kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, na kila mwaka uliofuata waigizaji walirudi kuongeza au kurekebisha picha. Hilo liliwawezesha waandishi kukopa hisia mapema na kulipa deni mwishoni. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, kuna sherehe ya kuzaliwa kwa mzee Bilbo: fataki za mchawi Gandalf zinapasuka angani, taa zimetundikwa mtini, na Sam anamtazama msichana Rosie kwa mbali mpaka rafiki yake Frodo anamsukuma akacheze naye. Ni mapambo tu, mtu angesema. Miaka miwili baadaye, kwenye mteremko wa mlima wa moto wa Mordor, Sam anamuuliza Frodo kama anakumbuka majira ya kuchipua kwao na ladha ya stroberi. Frodo hakumbuki. Ladha ya chakula imemtoka, sauti ya maji imemtoka, hata mguso wa majani umemtoka. Kisha Pete, ile yenye nguvu mbaya aliyotumwa kuiteketeza, inateketea, lava inawazingira, na hapo Frodo anasema anauona mto wa kwao, anaziona fataki na taa za mti ule. Sam naye anamkumbuka Rosie na utepe wa nywele zake, kisha anaangua kilio. Hakuna mzee wa hekima anayetokea kueleza Pete ilimnyang'anya nini yule kijana. Tumekiona kikirudi.

Howard Shore alifanya vivyo hivyo kwenye muziki. Nchi ya wahobiti, watu wafupi wa jamii ya Pippin, Frodo na Sam, ina tuni yake, nyepesi na ya kishamba, ambayo katika filamu ya kwanza inapigwa kwa filimbi ya bati na fidla. Katika sehemu ya tatu tuni inapotokea safarini huwa imekonda, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo wa utotoni. Halafu Aragorn anatawazwa kuwa mfalme, wahobiti wanne wanataka kumwinamia, naye mfalme anawazuia na kuwaambia wao hawapaswi kumwinamia yeyote. Mji mzima unapiga magoti. Orkestra inakamata tuni ileile ya kijijini na kuipandisha hadi iwe na ukubwa wa wimbo wa taifa. Kamera inawatazama kwa juu: watu wanne wafupi wamesimama, wameduwaa, hawajui waweke wapi mikono.

Hata mashambulizi ya wapanda farasi wa Rohan, washirika wa Gondor, ambayo ndiyo kelele kubwa kuliko zote, yamejengwa kwa uso. Mamia ya farasi walikuwa wa kweli, na miongoni mwa waliowapanda walikuwemo wanawake wengi waliobandikwa ndevu bandia. Jeshi lililobaki liliongezwa kwa kompyuta, kwa programu ya Massive iliyobuniwa na Stephen Regelous. Ila picha inayofanya kazi kuliko zote ni ndogo. Jemadari wa adui, sura imeharibika kama unga uliochachuka, anaamuru mishale ipigwe. Inapigwa, watu wanaanguka, farasi hawasimami. Kamera inarudi kwake, na kiburi kinamwondoka usoni hatua kwa hatua. Nguvu ya Rohan tunaisoma kwenye macho ya anayeiogopa.

Ndiyo maana inakera kuona jeshi la wafu linavyotumika. Baada ya uwanja mzima kulipwa kwa damu ya watu tuliowafahamu, mizimu ya kijani inamwagika kutoka kwenye meli na kulisomba jeshi la adui kwa muda wa pumzi chache. Kwa macho inapendeza. Kwa hisia ni hasara: mtu anajiuliza, kama mizimu inaweza yote hayo, wale wengine wamefia nini? Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo Jackson alimpa mtazamaji kingi, na ndipo filamu inapopoa.

Uamuzi wake mgumu ulikuwa ndani ya mlima. Vijana waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua sheria: stelingi anaweza kupigwa mpaka akagaragara, lakini mwisho lazima ashinde. Hapa stelingi anashindwa. Frodo anasimama kwenye ukingo wa moto, anatangaza kwamba Pete ni yake, anaivaa. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu cha Tolkien kilichotoka 1955, na ni Gollum, kiumbe aliyestahili kuuawa mara kadhaa huko nyuma na akaachwa kwa huruma, anayeimaliza kazi bila kukusudia.

Jackson na wenzake mwanzoni waliogopa ugumu huo. Walipiga picha za Frodo akimsukuma Gollum shimoni, ili shujaa ashinde kwa mkono wake. Walipozitazama waliona ni mauaji, siyo ushindi. Baadaye wakalipiga tukio upya: Frodo anamrukia Gollum, wanagombea Pete, wote wawili wanateleza. Frodo anabaki akining'inia kwa mkono mmoja. Hajamkomboa mtu. Sam anamsihi asiachie, na kwa muda usoni mwake kuna dalili kwamba kuachia kunamvutia.

Sam ndiye mwenye filamu hii. Anapoona mwenzake hawezi tena kutambaa, anamwambia kwamba mzigo ule hawezi kumbebea, lakini yeye mwenyewe anabebeka. Anamtupia mabegani na kuanza kupanda. Sean Astin hakulicheza tukio kama mtu shujaa. Miguu inatetemeka, pumzi inakoroma. Tolkien, aliyepigana Somme mwaka 1916 na kuwapoteza marafiki zake wa karibu katika vita vile, alieleza kwamba Sam ametokana na askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua huko. Ukilijua hilo, mgongo ule unakuwa na uzito mwingine.

Halafu yanakuja malalamiko ya siku zote: filamu ina miisho mingi mno. Yana ukweli kidogo. Tukio la kitandani, marafiki wakiingia mmojammoja huku wakicheka mwendo wa polepole, lingefupishwa bila hasara yoyote. Lakini anayelaumu miisho yote kwa pamoja atakuwa amekosa kuiona baa. Wahobiti wanne wamerudi kwao, wamekaa mezani na vikombe vyao, na wenyeji wanashangilia boga kubwa lililoletwa na mzee mmoja. Hakuna anayewauliza walikuwa wapi. Wanatazamana, wanagonganisha vikombe, hawasemi neno. Kitabu kina sura nzima ya wahobiti wakipigana kuikomboa nchi yao iliyovamiwa. Jackson aliiacha, na mahali pake akaweka ukimya huo wa dakika chache. Wapenzi wa kitabu hawajamsamehe, nao wana hoja, lakini kwa lugha ya sinema ukimya huo umesema jambo lilelile: waliorudi siyo wale walioondoka.

Baadaye ni bandarini, Frodo akipanda meli ya kuondoka moja kwa moja. Katika saa zote hizo tatu machozi hayakuonyeshwa kwa karibu kama hapa, na gharama yake waigizaji waliilipa zaidi ya mara moja. Walilia siku nzima, ikagundulika kwamba Astin alirudi kutoka chakula cha mchana bila kizibao chake, kwa hiyo picha za asubuhi na za alasiri hazikuoana. Wakarudia yote. Mara ya pili picha zilitoka na ukungu, kamera haikuwa imelengwa vizuri. Wakarudia tena. Machozi yanayoonekana kwenye filamu ni ya awamu ya tatu.