Dhamana: Safari ya kutoka seli hadi nyumbani

Kukamatwa Jumanne na kukamatwa Ijumaa jioni si jambo moja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 49, inampa mshukiwa haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku ambayo korti haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Mkazi wa mtaa wa Fedha, Nairobi, anayetiwa mbaroni saa kumi na moja jioni ya Ijumaa anaweza basi kulala seli hadi Jumatatu bila polisi kuvunja sheria. Wakenya wenyewe waliubandika mtindo huo jina: Kamatakamata Friday.

Mfano wa wazi ni wa 2025. Rose Njeri, mtaalamu wa programu za kompyuta aliyeunda tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni ya kupinga Mswada wa Fedha, alikamatwa Ijumaa, Mei 30. Madaraka Dei ikaangukia Jumapili, na Jumatatu ikawa sikukuu. Alisimama kizimbani katika korti ya Milimani Jumanne, Juni 3. Hapo hakimu alimwachilia kwa bondi ya kibinafsi ya Sh100,000, na wiki chache baadaye mashtaka yakatupiliwa mbali.

Bondi ya kibinafsi haikumtoa Njeri hata senti mfukoni. Mshtakiwa anatia sahihi kwamba atafika kila kesi itakapotajwa, na kwamba asipofika atadaiwa kiasi kilichoandikwa. Julai mwaka huo huo mwanaharakati Boniface Mwangi aliachiliwa kwa njia hiyo hiyo katika korti ya Kahawa. Bondi yake ilikuwa Sh1 milioni. Anayesikia kiasi hicho redioni hudhani mtu amebeba kitita cha pesa, kumbe amebeba karatasi.

Safari huanzia kituoni. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu mkuu wa kituo kumwachilia mshukiwa kwa bondi asipoweza kumfikisha kortini kwa wakati, isipokuwa kama tuhuma ni nzito, kwa mfano mauaji, uhaini au wizi wa mabavu. Bondi ya polisi hailipiwi. Pesa zikitakiwa kama dhamana taslimu, lazima ziandikiwe risiti rasmi, na pesa zisizo na risiti ni hongo, ziitwe jina lolote.

Korti nayo ina milango mitatu: bondi ya kibinafsi, pesa taslimu, na bondi yenye mdhamini. Mlango wa tatu ndio unaowakwamisha watu wa mitaa ya Eastlands. Hakimu akisema “bondi ya Sh300,000 na mdhamini wa kiasi sawa na hicho,” familia inayosikiliza kutoka viti vya nyuma huanza kuhesabu nani ana nini. Ploti ya mashambani ingalipo, ila hati imeandikwa jina la babu aliyekwisha fariki. Gari lipo, lakini lilinunuliwa kwa mkopo na logbuku ina jina la benki kando ya jina la mwenyewe. Nyumba ya Fedha ni ya kupanga. Mtu anayeonekana kujiweza anajikuta hana karatasi hata moja ambayo korti itaikubali.

Hata karatasi ikipatikana, mdhamini hupimwa. Huja na kitambulisho, cheti cha PIN cha KRA, picha za pasipoti na, mara nyingi, barua ya chifu. Logbuku huthibitishwa na NTSA, na hati ya ardhi huthibitishwa katika masjala ya ardhi. Kisha anaulizwa: unamjuaje mshtakiwa, anaishi wapi, ukiambiwa umlete utampata? Ukaguzi huo wote una sababu. Kwenye viunga vya korti za Nairobi huzunguka madalali wanaokodisha hati, nyingine za kughushi, kwa familia zilizokata tamaa. Mhakiki akigundua, mdhamini wa kukodi hugeuka mshtakiwa.

Katika majimbo mengi ya Marekani kazi ya udhamini hufanywa na kampuni. Familia hulipa ada, kwa kawaida asilimia 10 ya dhamana, na ada hiyo hairudi. Kenya imejengwa juu ya mtu anayemjua mtu, na anayeweka rehani mali yake mwenyewe.

Kiasi cha dhamana nacho hakiamuliwi ovyo. Kifungu cha 123 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinakataza dhamana ya kupita kiasi, na mwongozo uliotolewa 2015 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki unawataka mahakimu watazame hali ya mshtakiwa. Kumnyima kabisa kunahitaji sababu nzito, na ni juu ya upande wa mashtaka kuzithibitisha.

Mshtakiwa akiingia mitini, Kifungu cha 131 cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachofanya kazi. Mdhamini huitwa alipe au aeleze kwa nini asilipe. Asipolipa, mali yake hunadiwa, na isipotosha anaweza kufungwa hadi miezi sita. Mdhamini anayeona dalili mbaya ana njia ya kujinusuru: kuomba korti imwondoe mapema, nayo itoe kibali cha kumkamata mshtakiwa.

Mshtakiwa mwenyewe hufutiwa dhamana. Hilo ndilo lililotangulia mkasa wa korti ya Makadara, Juni 13, 2024. Hakimu Mkuu Monica Kivuti alifuta dhamana ya mwanamke aliyeshtakiwa kujipatia Sh2.9 milioni kwa udanganyifu, baada ya kutoridhika na maelezo yake ya kukosa kufika kortini. Mume wa mshtakiwa, afisa wa polisi aliyesimamia kituo cha Londiani, alimpiga hakimu risasi papo hapo, kisha yeye mwenyewe akauawa na maafisa wenzake. Kivuti alifariki kutokana na majeraha hayo.

Kesi ikiisha na masharti yakiwa yametimizwa, hati na logbuku hurudishwa kwa mwenyewe hata kama mshtakiwa amepatikana na hatia. Pesa taslimu nazo hurudishwa kwa aliyeziweka, kwa hiyo familia iliyochangishana ikubaliane mapema risiti itatoka kwa jina la nani.